Vyombo vinne nilivyonunua ndani ya kishikwambi, na kimoja nilichopata bure

Mimi ni mpiga besi. Kinanda napiga kwa vidole vinne, tena kwa kuviziavizia, na nyimbo zangu nyingi huanzia kwenye kishikwambi chenye ufa kwenye kona, nikiwa kitandani na hedifoni masikioni kwa sababu nyumba nzima imelala. Nayasema haya mapema ili mtu wa studio asinisome akitarajia makubwa. Haya ni maoni ya mtu aliyetoa pesa yake mara nne kununua vyombo vya kuongeza kwenye programu za muziki, akajuta mara tatu.

Unajua inavyokwenda. Programu inakuja na dramu, besi, kinanda na sinthesaiza mbili tatu, yaani vinanda vya kuunda sauti kwa umeme. Wiki mbili za kwanza unaona umefika. Ya tatu unaanza kuviona vikufuli vidogo pembeni ya majina ya vyombo usivyokuwa navyo. Unagusa kimoja, kinakupigia mfano wa nusu dakika, na nywele zinakusimama. Sasa sikiliza: mfano ule umepigwa na mtu anayejua kupiga, kwenye kibodi halisi ya MIDI, ile unayochomeka kwenye kifaa ikaendesha vyombo vya ndani, ukatiwa mwangwi wa ukumbi mkubwa na kuwekewa vyombo vingine vya kuusindikiza. Wewe unauziwa kile kinachobaki baada ya kuvua hayo yote.

Mimi nilianza na piano. Tangazo lilisema kila kibonye kimerekodiwa kwa nguvu nne tofauti, kuanzia mguso wa kubembeleza hadi wa kugonga. Nikalipa usiku huohuo. Asubuhi kishikwambi kinaniambia hifadhi imejaa. Nilikasirika, lakini nilipopiga hesabu niliona hakuna aliyenidanganya. Sauti ya stirio ya biti 24, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, inakula kama MB 17 kwa dakika. Vibonye 88, mara nguvu nne, mara sekunde 10 kwa kila rekodi, unapata karibu saa nzima ya sauti. Hiyo ni GB 1, na hujagusa noti hata moja. Kwa hiyo ukikuta mtu anauza piano kubwa ya MB 30, jua kuna mahali amebana: amerekodi vibonye vichache akavivuta kujaza vilivyobaki, au amezikata noti na kuzizungusha, kipande kifupi kikirudiwa tena na tena, au amefinya sauti yenyewe. Si dhambi, na ndani ya wimbo wenye dramu na gita huenda hata usijue. Piano ikibaki peke yake ndipo utajua.

Hasara yangu lakini haikuwa kwenye hifadhi. Baada ya siku kadhaa nilijiuliza mbona piano yangu ya tabaka nne, zile nguvu nne, inaimba kama honi, haina kupanda wala kushuka. Nikafungua orodha ya noti nilizorekodi, pale ambapo programu inaonyesha nguvu ya kila noti kwa namba, 1 hadi 127. Ilikuwa 100, 100, 100, 100. Noti sitini na kitu, zote 100. Kumbe programu ile haikuwa na njia yoyote ya kujua nimegusa kioo kwa upole au kwa hasira, ikawa inaweka namba ileile tu. Nimelipia tabaka nne, nasikia moja. GarageBand ya iPad, programu ya muziki ya Apple, ililitafutia jambo hili ujanja tangu 2011: inatumia kihisi cha mtikisiko kilichomo ndani ya kifaa, ukigonga kwa nguvu kifaa kinatikisika na sauti inapanda. Ni ujanja mzuri kwa anayeweka kifaa mezani. Mimi napigia juu ya mto.

Kama huna kibodi ya MIDI inayohisi nguvu ya vidole, au huna subira ya kukaa unabadilisha namba za noti moja moja, piano ya tabaka nyingi itakuwa mzigo tu. Anza na kibodi, hata ndogo ya vibonye 25.

Dramu nilizonunua sitazisahau kwa sababu zilinitia aibu. Kifurushi kilijisifia kuwa na milio zaidi ya mia. Nikatengeneza mdundo, nikamsikilizisha rafiki yangu anayepiga dramu za kweli. Akavua hedifoni kabla ya kiitikio.

“Kaka, hii snea unaipiga kwa kidole au kwa cherehani?”

Nikabisha. Akachukua kishikwambi, akagonga snea, ile ngoma yenye mlio mkavu, mara nane harakaharaka kwenye kioo. Ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta. Kweli cherehani. Kila pigo lilikuwa rekodi ileile moja, haina tofauti hata ya nywele. Mpiga dramu hata akijitahidi vipi hawezi kurudia pigo lilelile mara mbili, fimbo inatua hapa, inatua pale. Chombo kilichotengenezwa na mtu makini kina rekodi kadhaa za pigo moja na kinazipokezana, pigo hili rekodi hii, linalofuata ile. Kwenye ile milio mia ya kwangu kulikuwa na snea arobaini tofauti, kila moja na pigo lake moja la upweke. Siku hizi nikiona tangazo linahesabu milio, naruka. Ningependa waniambie snea moja imerekodiwa mara ngapi, na hilo mara nyingi hawalisemi.

Kwa vyombo vya nyuzi kama fidla kuna jaribio jingine nililojifunza kwa uchungu wa wengine, si wangu. Shikilia noti moja sekunde kumi na tano, bila mwangwi wowote, ukiwa umefumba macho. Kama rekodi imekatwa na kuzungushwa ovyo, utaanza kusikia kitu kama pumzi, mawimbi yanayorudi kila baada ya sekunde mbili. Ukishaisikia mara moja, huwezi tena kutoisikia.

Sasa hasara ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ilikuwa sinthesaiza, na ilikuwa nzuri! Nilinunua programu yake, kisha vifurushi vitatu vya sauti ndani yake, kimoja kimoja kila nilipopata nafasi. Ilipofika 2017, iOS 11, mfumo wa iPhone na iPad, ikaacha kuendesha programu za biti 32, zile zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani. Waliotengeneza sinthesaiza ile walikuwa hawajaiandika upya kwa biti 64, na hawakuiandika tena. Siku niliyosasisha mfumo, ikoni ilikuwepo, nikigusa naambiwa programu inahitaji kusasishwa na aliyeiunda. Vifurushi vitatu vikazikwa nayo. Sikuwa nimehamisha hata traki moja kuwa WAV, faili la kawaida la sauti. Nyimbo mbili zilibaki zina shimo pale sinthesaiza ilipokuwa inaimba, na moja sijawahi kulijaza.

Ndipo nikaanza kuuliza chombo kinakaa wapi kabla ya kuuliza kinalia vipi. Ukigusa kikufuli ndani ya programu, unachonunua kinaishi ndani ya programu ile. Ukiihama, hakihami nawe. Ikifa, kinakufa nayo. Kwa watu wa iPhone na iPad kuna njia ya pili tangu iOS 9 ya 2015, nayo ni plagini za AUv3. Chombo ni programu yake mwenyewe, umekinunua peke yake, na unaweza kukifungua ndani ya GarageBand, ndani ya Cubasis na programu nyingine nyingi zinazopokea plagini hizo. Ukichoka na programu moja unahamia nyingine, chombo unacho. Hakiwi cha milele, maana nacho kinaweza kutelekezwa na aliyekiunda, ila angalau hakifungwi kamba shingoni na programu moja.

Wa Android mna mtihani zaidi, nasema bila kuwacheka. Kule hakuna mfumo mmoja wa plagini uliozoeleka kama huo, kwa hiyo vyombo vingi vya kununua ni vya ndani kwa ndani. Ningekuwa Android ningechagua programu moja yenye afya, ninayoona inasasishwa mara kwa mara, nikatulia nayo. FL Studio Mobile ina sifa moja ninayoipenda hata kama siitumii kila siku: mradi ulioanza kwenye simu unafunguka ndani ya FL Studio ya kompyuta. Wazo lako halibaki mateka wa simu. Kingine, mlichonunua kwenye duka la Google hakiji kwenye duka la Apple, wala cha huku hakiji huko. Anayepanga kubadilisha aina ya simu mwezi ujao asinunue chombo mwezi huu.

Chombo cha nne ndicho pekee nilichokinunua nikakipenda mpaka leo: Korg iM1. Ni ile M1 ya 1988, kinanda ambacho piano yake kavu na ogani yake zilijaa kwenye muziki wa hausi wa miaka ya tisini, kikiwa kimekaa ndani ya iPad. Usinunue kwa kutafuta piano ya kweli. Piano ya M1 haifanani na piano ya mti na nyaya, inafanana na M1, na ndiyo maana inapenya kwenye wimbo uliojaa bila kusukumana na mtu. Haihitaji GB 1. Haijali sana kwamba kioo changu hakihisi vidole. Kilichonifurahisha zaidi nilikigundua kwa bahati: nilikuwa pia na Korg Gadget, programu yao ya kutengenezea nyimbo, na ukiwa na iM1 kwenye kifaa hichohicho, Gadget inakufungulia chombo kiitwacho Darwin, ambacho ni M1 hiyohiyo ndani ya mradi wako. Umelipa mara moja, milango miwili. Lawama yangu ni skrini ya kuhariri sauti, vinamba vidogo vilivyosongamana, kidole kimoja kinafunika vitatu. Zipo kadi za sauti za ziada humohumo ndani kwa anayetaka. Mimi sauti zilizokuja nayo sijazimaliza.

Halafu kuna hiki cha bure, ambacho kinanikera kwa sababu ndicho ninachokipiga kuliko vyote nilivyolipia. Machi 2020, watu walipokuwa wamejifungia ndani, Moog, watengenezaji wa sinthesaiza, waliondoa bei ya programu yao ya Minimoog Model D kwa muda. Nikaipakua kwa uroho tu. Besi yake, jamani! Mimi nina besi ya nyaya nne ukutani, lakini kuna nyimbo ambazo nikiweka ile ya Model D noti za chini kabisa, gita langu naliacha linapumzika. Ni AUv3, kwa hiyo nafungua mbili au tatu ndani ya mradi mmoja, moja besi, nyingine kifilimbi cha juu. Vitasa vinazungushika bila kupapasa. Hata kwa bei yake ya kawaida ningeinunua, na hilo silisemi kuhusu vile vingine vitatu.

Mengine nayapitia haraka. Ukiona noti inachelewa, usilaumu chombo kabla hujavua hedifoni za Bluetooth, maana mara nyingi hizo ndizo zinazochelewa. Chomeka za waya. Kisha angalia mpangilio wa bafa, yaani sauti kiasi gani inakusanywa kabla ya kutolewa: sampuli 256 kwa 48,000 kila sekunde ni kama milisekunde 5, sampuli 1,024 ni 21, na 21 kidole kinaanza kuihisi. Ukibadilisha kifaa, tafuta kitufe cha kurejesha manunuzi kabla hujadhani umeibiwa. Google Play hupokea maombi mengi ya kurudishiwa pesa ndani ya saa 48, kwa hiyo majaribio ya cherehani na pumzi yafanye siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi. Na kila wimbo unaoupenda, toa traki zake kuwa WAV uziweke mahali. Kidonda changu cha 2017 ndicho kinachozungumza hapo.

Kabla ya yote hayo, kama una GarageBand, ingia kwenye maktaba yake ya sauti. Vifurushi vile havina bei, unapakua unachotaka na kufuta usichotaka, na ndani ya GarageBand yenyewe mna sinthesaiza ya Alchemy ambayo peke yake ingeniokolea kifurushi kimoja au viwili. Nilikuwa nayo muda wote ule. Sikuigusa kwa sababu haikuwa na kikufuli.

Piano ya GB 1 nimeifuta, naweza kuirejesha siku nikipata kibodi. Dramu bado zipo, natumia kengele yake moja tu, ambayo haihitaji kurudiwarudiwa. Juzi usiku nimekuta selo mpya, ile fidla kubwa, pembeni ya kikufuli. Mfano wake nimeusikiliza mara mbili, nikatafuta mahali pa kushikilia noti moja tu, kavu, sekunde kumi na tano. Hapakuwepo. Nikafungua Model D nikaendelea na besi.