Skii za kununua zilivyoniangushia ndege, na zile nilizojitengenezea

Nimeahirisha kuandika haya mara kadhaa, kwa sababu kila nilipoanza hasira ilinizidi na maneno yakatoka makali kuliko inavyofaa. Leo nimetulia kidogo, ingawa sina hakika kama nimetulia vya kutosha.

Katika majira ya baridi fulani, si ya zamani sana, nilinunua jozi ya skii zilizo tayari, yaani vibao vya kutelezea kwenye theluji vinavyofungwa mahali pa magurudumu, kwa ajili ya ndege yangu ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, ili nisilazimike kuifungia ndani hadi theluji iyeyuke. Kwa macho zilipendeza: nyepesi, nyekundu, zimepinda mbele kama omo la mtumbwi. Niliondoa magurudumu, nikazipachika kwenye ekseli, nikafunga ule mpira mwembamba wa mbele unaoivuta ncha ya skii juu, kisha kamba ya nyuma inayozuia kisigino kisishuke kupita kiasi. Maelekezo yaliishia hapo, nami, kwa kuamini kwamba aliyezitengeneza anajua kuliko mimi, nikaishia hapo hapo.

Kuruka iliruka vizuri, na hilo sitalikana. Katika mzunguko wa pili au wa tatu, nilipoiongezea mwendo, iliinamisha pua ghafla kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akiivuta kutoka chini. Nilivuta eleveta, kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, hadi mwisho, isisikie. Nilipopunguza nguvu ya mota ndipo ilipoinuka, na ilipopita karibu nami niliona wazi skii ya kushoto ikining'inia, ncha chini na kisigino juu, kama ndala iliyokatika mkanda. Kutua ndiko kulikomaliza kazi: ncha ilijichimbia kwenye theluji, ndege ikapiga kichwangomba, rafadha ikavunjika na mguu mmoja ukang'oka pamoja na kipande cha tumbo.

Chanzo chake ni kitu kidogo mno, na ndiyo maana kinaniuma. Mpira ukipigwa na baridi hukakamaa na kuchelewa kurudi katika hali yake, kwa hiyo ule uliokuwa ukivuta vizuri sebuleni huwa dhaifu ukiwa nje. Ncha ikishashuka chini ya usawa, upepo huanza kuigandamiza kwa juu, na kadiri ndege inavyokwenda kasi ndivyo inavyozidi kuinama. Ndege kubwa zinazotua kwenye theluji hufungwa, pamoja na huo mpira, kamba ya usalama ya mbele isiyonyumbuka, ambayo huishika ncha endapo mpira utashindwa. Kipande cha kamba tu! Katika boksi langu hakikuwamo, wala hakikutajwa.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatanisha picha, nikaeleza kwamba sidai kurudishiwa chochote ila naomba wanunuzi wengine waonywe. Alinijibu kwa sentensi mbili: kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamika, na kwamba huenda ndege si mchezo wangu. Nimeisoma ile sentensi ya pili mara nyingi kuliko nilivyoyasoma maelekezo yake, ambayo kwa kweli hayakuwa marefu kuizidi sana.

Basi nikajitengenezea. Jaribio la kwanza lilikuwa la kipuuzi: nilichukua plaiwudi ya milimita 3, nikaimwagia maji ya moto na kuikunja kwa pupa, ikalia kama kuni na kupasuka mbele yangu. Baadaye nilitumia vipande viwili vya milimita 1.5 kwa kila skii. Nilivilowesha hadi vikalegea, nikavifunga kuzunguka kopo hadi vikakauka, halafu nikavigandisha pamoja kwa gundi ya epoksi vikiwa bado juu ya kopo lile lile, na tangu hapo mpindo haujafunguka. Tundu la ekseli nililiweka nyuma kidogo ya katikati, ili sehemu ndefu iwe mbele. Mpira niliutupa, nikaweka springi ya chuma, na kamba ya usalama nikaitengeneza kwa mshipi wa kuvulia samaki uliosukwa. Niliifunga kwa mafundo matatu, pengine kwa hasira tu, maana mawili yangetosha. Chini nilipiga msasa, vanishi na nta, kisha nikaongeza ukingo mwembamba wa alumini kwa urefu, kwa kuwa bila huo ndege huteleza upande kama sabuni kila unapojaribu kuigeuza.

Zina kasoro, na sitazificha. Ni nzito kuliko za kununua, na kwa kuwa ndege yangu ina gurudumu la mkiani na miguu yake iko mbele ya kitovu cha uzito, nililazimika kuirudisha betri nyuma ili pua isielemewe. Tena ukizitoa ndani zikiwa na joto na kuziweka moja kwa moja kwenye theluji, theluji iliyo chini yake huyeyuka, kisha huganda na kuzishika kama gundi. Ni lazima uziache kwanza zipoe nje. Hata hivyo, zimetua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ncha haijainama hata mara moja.

Nilikuwa nimeapa kuandika kwamba zile za kununua hazifai kabisa. Nikijilazimisha kuwa mwadilifu, plastiki yake huteleza kuliko mbao zangu, na mtu atakayeongeza ile kamba mwenyewe angeweza kuzitumia miaka mingi bila tatizo. Nilikuwa tayari kuzipendekeza kwa sharti hilo, hadi nilipoirudia barua ya muuzaji ili nihakikishe simsingizii. Simsingizii. Msizinunue.

Zile nilizonunua nilizipasua, nikakata soli zake nyekundu na kuzifunga chini ya mbao zangu kwa skrubu ndogo, vichwa vikiwa vimezamishwa ndani, na huko zinateleza vizuri sana.