Uzoefu wangu wa kutengenezewa gimbali: "Dada, hii siyo blenda"

Nianze na nyota kabisa, maana najua wengine hamfiki mwisho: nyota moja kati ya tano. Na hiyo moja ni ya soda aliyoninunulia siku ya kwanza. Ilikuwa ya baridi.

Jina la fundi silitaji. Yuko Dar, ana printa mbili za 3D, ana mikono ya dhahabu na mdomo wa shubiri. Nilimfuata kwa sababu nina droni ya mapanga sita niliyoiunga mwenyewe kwenye meza ya chakula, na nilikuwa nimechoka na picha za GoPro, zile kamera ndogo za kufunga popote. Nilitaka kupandisha angani kamera yangu ya kazi, ile ya kubadilisha lenzi ninayopigia harusi. Sasa kamera hiyo huwezi kuifunga kwa gundi ukaomba Mungu; inahitaji kishikio chenye mota, ndiyo gimbali yenyewe, ili ndege ikiyumba kamera ibaki imetulia. Za dukani ama zilikuwa ndogo, ama kwa bei yake unapata bodaboda. Tukakubaliana laki nne na nusu, nikaacha nusu ya hela pamoja na kamera, nikaondoka.

Wiki mbili zikawa tano. Hilo sina neno nalo. Mafundi ndivyo walivyo, na mimi mwenyewe kuna maharusi nimewapa albamu mtoto akiwa anatambaa.

Kilichonikaa rohoni ni sentensi moja. Siku ya kuchukua mzigo aliiwasha mbele yangu, kamera ikanyanyua kichwa ikakaa sawa kama mtu aliyeitwa jina. Nikainamisha fremu kushoto, kulia, mbele. Kamera ikabaki inatazama ukuta uleule. Siwadanganyi, nilitaka kupiga vigelegele. Halafu nikasikia mlio. Mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya glasi. Nikagusa mota ya pembeni kwa kidole: ya moto. Nikauliza, kwa adabu zangu zote, "Kaka, mbona inalia? Na mbona ina moto hivi?"

Hakuinua macho kwenye simu. "Dada, hii siyo blenda. Ukishaiwasha usiishikeshike."

Kulikuwa na vijana wawili wamekaa juu ya kreti wanasubiri betri zao. Mmoja akacheka.

Jamani. Mimi nimeanza kurusha enzi ambazo GoPro Hero3 ndiyo ilikuwa kamera ya maana angani. Nimeshazika ndege baharini Kunduchi, nimeshashambuliwa na kunguru wa mjini hapa mpaka nikatua juu ya bati la watu. Leo naambiwa blenda! Angesema "dada, sijui," ningekaa naye tukatafuta. Nikalipa iliyobaki bila hata kuomba punguzo, kwa hasira tu, nikashuka ngazi.

Kwa asiyejua kwa nini ule mlio ulinishtua: mota ya gimbali haizunguki kama feni, kazi yake ni kushikilia. Chini ya kamera kuna kihisi kidogo chenye jairo na akselerometa, vya kupima mgeuko na mwinamo, kinaiambia bodi kamera imeinama kiasi gani, bodi inasukuma umeme kwenye mota kuirudisha. Kamera ikiwa imebalansi, mota inagusa tu, kama mama anayesukuma bembea. Ikiwa imeelemea upande, mota inabeba ule uzito muda wote, kama wewe ushike ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Fundi mvivu akiona inaelemea, anaongeza umeme na kupandisha ile setingi inayoitwa P mpaka kamera inyooke kwa nguvu. Inanyooka kweli. Lakini inalia, na inachemka.

Na kipimo chake hakihitaji kompyuta. Zima umeme, elekeza kamera popote kwa mkono, iachie. Ikibaki pale ulipoiacha, iko sawa. Ikidondokea upande, usiiwashe kabisa. Haya yote nayajua. Siku ile sikupima. Nilikuwa nawaza blenda.

Kazi yenyewe ilikuwa Korogwe, shamba la mkonge, miezi ile ya joto ambayo hata kivulini unatoka jasho. Vibali mkononi, betri zimejaa. Mkonge mnaujua unavyopandwa: mistari imenyooka kama imepigwa rula, inakwenda hadi macho yanachoka, na nyuma yake milima ya Usambara. Kwa mpiga picha ni raha. Kwa gimbali mbovu ni mahakama, maana mstari ulionyooka hausemi uongo.

Nikarusha alfajiri kabla upepo haujaamka. Kwenye kiskrini cha rimoti kila kitu kilikuwa kizuri. Nikatua, nikafungua laptopu juu ya boneti nimwoneshe meneja wa shamba, mzee mmoja mpole wa kofia ya pama. Mzee akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Binti yangu," akasema, "mbona mkonge wangu unacheza ngoma?"

Na ulikuwa unacheza. Shamba zima linapiga mawimbi, mistari inakatika viuno kama imewekewa taarabu. Kamera za namna hii hazichukui picha yote kwa mkupuo. Zinaisoma mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Mapanga yangu yanazunguka kama mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, na yakiwa na kasoro hata ya unywele kila mzunguko ni tikiso moja. Kabla kamera haijamaliza kusoma picha moja imeshatikiswa zaidi ya mara moja, basi juu ya picha inaona mkonge hapa, katikati inauona pale. Hapo mota haziwezi kukusaidia. Mota zinatibu mwendo wa polepole, upepo na kona. Mtetemo wa haraka dawa yake ni ile mipira laini inayotenganisha fremu ya ndege na sahani ya gimbali.

Nikamwambia mzee tutarudia mchana. Gari nikaliacha juani na gimbali ndani, madirisha juu. Mnaona linakokwenda.

Saa saba nikarusha tena. Dakika ya tatu kamera ikaanza kuinamisha kichwa, taratibu, kama mwanafunzi anayesinzia darasani. Ikapigana kujinyanyua, ikashindwa, ikalala upande. Nikatua nikiwa natetemeka mimi sasa. Mzee hakusema kitu, aliniletea maji.

Usiku gesti nikamwaga kila kitu kitandani na bisibisi yangu. La kwanza kuliona: mkono wa pembeni, ule unaobeba mota na kamera, ulikuwa umepinda kama ndizi. Ameuprinti kwa plastiki ya PLA. PLA ni rahisi kuprinti na inatoka inang'aa, lakini ikikaribia nyuzi joto 60 inalegea, na gari lililofungwa juani kwa saa kadhaa linakupeleka karibu na hapo lenyewe, kabla hujaongeza mota inayochemka iliyofungwa kwenye hiyohiyo plastiki. Mkono ukipinda kidogo, balansi inaharibika. Balansi ikiharibika, mota inachemka zaidi. Ikichemka zaidi, mkono unapinda zaidi. Fundi anayeishi Dar, anayejua jua la Dar! La pili: ile mipira minne aliifunga kwa vile vikamba vya plastiki vya nyaya, eti gimbali isije ikadondoka, akavikaza mpaka mipira ikawa chapati. Mtetemo wote ukawa unapita kwenye vikamba kama maji kwenye bomba.

Nilikasirika mpaka nikamkumbuka Mfaransa Pierre Picavet, ambaye mwaka 1912 alining'iniza kamera kwenye kamba ya tiara kwa fremu ya msalaba na uzi mmoja mrefu unaoteleza kwenye vijiroda. Kamba ikiinama, uzi unajipanga wenyewe, kamera inabaki sawa. Hakuna mota, hakuna P, hakuna wa kukuambia blenda.

Nikaunyoosha mkono kwa maji ya moto ya chai, nikaufunga tena, nikapima balansi ili nipate ushahidi wa kumpigia nao kelele kesho yake. Kamera ikadondokea kulia. Nikasema, haya, huyu hapa! Nikatoa betri ya kamera ili nifungue vizuri, na kamera ikatulia tuli. Nikairudisha betri: ikalala kulia. Nikaitoa: tuli.

Betri hukaa upande wa kulia, ndani ya mshiko. Haifiki hata gramu 60. Na kwa wiki zote tano ilikuwa nyumbani kwangu, kwenye chaja, kwa sababu nilimwachia fundi kamera nikaondoka na betri.

Kwa hiyo alibalansi kamera isiyo na betri, akaibalansi barabara, usahihi wa kinyozi. Siku ya kuchukua nilifika na betri, nikaichomeka mwenyewe. Ikaelemea, yeye akapandisha umeme ili niondoke nimefurahi, na mengine mnayajua.

Basi nyota tatu. Naona tatu ni haki.

Hapana, ngojeni. Fundi cherehani akikukuta umevaa koti si atakuambia uvue ndipo akupime? Mimi ni mteja. Na nilipouliza "mbona ina moto", lile ndilo lilikuwa swali lenyewe! Angeinua macho sekunde tatu tu angeona. Badala yake nikapewa blenda na kicheko. Mbili.

Nilivyorudi Dar sikwenda kwake. Nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu mtaani kwetu Tabata, nikamwonesha mkono uliopinda, nikamwambia anikatie wa hivihivi kwa bapa la milimita 3. Aliugeuzageuza, akaniuliza kitu kimoja tu: "Sista, hicho kinachokaa hapa, kikiwa na kila kitu chake, kina uzito gani?" Nilitaka kumkumbatia. Elfu kumi na tano, na akanilainishia ncha kwa msasa.

Lakini hapa ndipo roho inaponiuma, maana fundi wa madirisha alinakili tu. Mchoro ni wa yule wa kwanza, na mchoro ule ni mzuri jamani. Ekseli ya kuinua na kushusha ameipitisha katikati kabisa ya uzito wa kamera na lenzi, siyo katikati ya boksi la kamera kama wengi wanavyofanya. Nyaya za kihisi amezipitisha ndani ya tundu la mota ili zisiivute kamera inapogeuka. Sehemu ya kukaa kamera ameiwekea mfereji wa kusogeza mbele na nyuma, ukibadilisha lenzi unatelezesha, unakaza, umemaliza. Nilikata vile vikamba, nikafunga uzi mlegevu wa usalama, nikashusha P, mlio ukaisha. Niligusa mota baada ya dakika kumi angani: vuguvugu tu.

Nikarudi Korogwe kwa gharama zangu. Mistari imenyooka hadi Usambara. Mzee aliitazama mara mbili, mara ya pili akaomba tusimamishe pale kwenye mti mmoja wa mbuyu katikati ya shamba, akakaa kimya. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nusu yake ni ya yule bwana. Basi nyota nne, na mdomo wake nimkate mbili. Hesabuni wenyewe.

Juzi kaona kipande cha video hiyo kwenye status yangu. Kanitumia ujumbe: "Dada hongera, kazi safi. Naomba hiyo clip niweke kwangu, si ni gimbali yangu hiyo?"

Nimeisoma. Tiki mbili za bluu anaziona tangu juzi.