Simba kule Casablanca: kibanda umiza au redio?

Aprili 28, 2023, klabu ya Simba iliingia Casablanca ikilinda bao moja la Jean Baleke kutoka mechi ya kwanza, Uwanja wa Mkapa, Dar. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wenyeji Wydad wakashinda 1-0, jumla ikawa 1-1, yakaja matuta (penalti): Wydad 4-3, safari ya Simba ikaishia hapo. Shabiki aliyebaki Dar alikuwa na njia mbili za kuumia: kibanda umiza, yaani banda la kutazamia mpira kwenye TV, au redio.

Kibanda umiza kinakupa picha. Unaona mwenyewe kama mtu kaotea, beki kasimama wapi, nani kachoka. Lakini unalipa kiingilio, unabanwa kwenye benchi, na nyuma yako yupo mtani wa Yanga aliyetoa hela yake aje kukuzomea tu. (Haki yake. Nawe ungeenda.)

Redio ni bure, umeme ukikatika betri zinaendelea, na ukizidiwa unaizima. Tatizo ni mtangazaji. Kwake kila mpira unaovuka mstari wa kati ni hatari, kila shuti limepita pembeni kidogo tu ya mwamba. Ukisikia kelele za uwanja zikipanda, hujui ni kona au ni bao, na unangoja sentensi yake iishe. Ugenini Morocco, kelele hizo hazipungui.

Dakika 90 nachagua kibanda. Matuta hapana: hapo nipe redio, nje, peke yangu, ambako hakuna mtani anayeniangalia mimi badala ya kipa.