Kifurushi cha Vinywaji Melini au Kulipa kwa Kila Glasi?

Abiria anayepanda meli ya kitalii Miami kwa safari ya siku 7 katika bahari ya Karibi huwa na njia mbili: anunue kifurushi cha vinywaji, yaani alipe kiasi kimoja kwa siku na kunywa bila kulipia kila glasi, au kila glasi iandikwe kwenye kadi ya chumba chake na alipe mwishoni.

Tuchukue mfano wa kifurushi cha dola 70 kwa siku. Ikiongezwa bakshishi ya asilimia 18, bei halisi inakuwa dola 82.60, wakati kokteli ya dola 14, nayo ikitozwa bakshishi hiyohiyo, hufika dola 16.52. Maana yake ni kwamba mnunuzi anahitaji kokteli 5 kila siku ili arudishe fedha zake tu, hata siku ambayo meli imefunga gati Cozumel, kisiwa cha Meksiko, naye anashinda mjini, ambako kifurushi hakimsaidii kitu. Isitoshe, kampuni kadhaa hudai watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue, na hapo ndipo hesabu huharibika: mwenzi asiyegusa pombe anaweza kugharimu dola 578.20 kwa juma kwa ajili ya soda. Kwa maoni yangu, kifurushi ni cha wanywaji wawili wa kweli, wenye siku nyingi za baharini.

Kulipa kwa glasi kunamfaa anayeridhika na bia mbili jioni, kwani maji, chai na kahawa ya kawaida kwa kawaida hutolewa bure mkahawani. Aangalie tu hesabu yake kila usiku, maana kadi haioneshi noti zikipungua.