TAHADHARI: Nyaya za "shaba" zinazouzwa pamoja na fundi na muhuri

Ninawatahadharisha wote wanaojenga, hususan hapa Dar es Salaam na Pwani, juu ya muuzaji wa vifaa vya umeme anayefika mwenyewe kwenye eneo la ujenzi na ofa ya nyumba nzima: nyaya, soketi, fundi, pamoja na karatasi za kuombea umeme TANESCO zikiwa tayari zimegongwa muhuri wa mkandarasi. Bei yake ni ya chini kuliko ya maduka ya Kariakoo, na kwa mtu ambaye saruji na mabati vimekwisha kumkausha mfuko, unafuu huo unashawishi. Mimi ulinishawishi, na miezi saba baadaye nilikuwa ninatindua plasta mpya ya sebuleni.

Dalili ya kwanza ilikuwa soketi ya jikoni. Birika la wati 2,000, ambalo kwa umeme wetu wa volti 230 huvuta takriban ampea 9 tu, liliifanya soketi ipate moto kiasi cha kutoshikika, na upande mmoja wa kifuniko chake ukageuka rangi ya chai. Saketi breka ya ampea 20 haikuruka, wala haikuwa na sababu ya kuruka, kwa kuwa umeme uliokuwa ukipita haukuzidi kiwango chake. Ubovu ulikuwa katika waya wenyewe na mahali ulipobanwa na skrubu. Nilipompigia simu yule fundi, alinijibu, "Bosi wangu, hiyo ni kawaida ya umeme mpya." Umeme mpya!

Fundi wa pili, huyu akiwa na leseni, alizima meni swichi, akakata kipande cha waya na kukwangua uzi mmoja kwa kisu. Chini ya rangi ya shaba palikuwa peupe kama sufuria: alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, hivyo waya wenye unene uleule hupata joto zaidi kwa mzigo uleule. Isitoshe, alumini hulegea taratibu chini ya skrubu ya soketi, na hapo palipolegea ndipo joto linapozaliwa, likayeyusha plastiki na hata kuwasha moto ndani ya ukuta ambako hakuna anayeona.

Kisu ni kipimo kizuri, lakini wauzaji wengi hawakubali mali yao ikwanguliwe kabla ya malipo. Mizani hawawezi kuikataa. Roli ya mita 100 ya waya mmoja wa milimita 2.5 za mraba, ambao ndio wa soketi, inapaswa kuwa na kilo 2.2 za shaba peke yake, kabla hujahesabu plastiki ya juu; ile ya milimita 1.5, ambayo ni ya taa, inapaswa kuzidi kilo 1.3. Roli moja iliyokuwa imebaki stoo niliipeleka kwa muuza mchele jirani, na pamoja na plastiki yake yote haikufika kilo moja na nusu. Tulipoikunjua na kuipima kwa futi, iliishia mita 78. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, ilikuwepo kwenye karatasi ya nje, imechapwa vizuri sana, kwa hiyo msiridhike na karatasi.

Ufungaji nao ulikuwa wa kuficha. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulionekana kwenye boksi la meni swichi lakini haukufika kwenye soketi hata moja. Tundu la tatu lilikuwa pambo. Soketi ya namna hiyo huwasha friji na pasi bila shida, na testa ya bisibisi huwaka kama kawaida, ndiyo maana mwenye nyumba hajui mpaka siku umeme utakapovujia kwenye bodi la friji na mtu akalishika akiwa pekupeku. Nje, mahali pa nondo ya ethi, tulifukua kipande cha nondo ya zege kisichozidi urefu wa mkono. Swichi mbili za taa zilikata waya mweusi (wa kurudisha umeme) badala ya mwekundu (unaouleta), maana yake taa huzima huku holda ikibaki na umeme, ikimsubiri anayebadilisha balbu. Breka ya kugundua umeme unaovuja, ya miliampea 30, haikuwepo kabisa.

Kuhusu muhuri, mkandarasi ambaye namba yake iligongwa kwenye karatasi zangu hakuwahi kufika kwangu. Leseni ya ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na anayetia saini anathibitisha kazi iliyofanywa na kupimwa. Kwa hiyo mtakeni mwenye leseni afike mwenyewe, aione kazi kabla ya plasta, kisha apime nyaya kwa mega (kifaa kinachoonyesha kama nyaya zinavujisha umeme) ya volti 500 mbele yenu. Usomaji usipungue megaomu 1 kati ya nyaya na ethi. Kazi hiyo haimalizi hata saa mbili kwa nyumba ya vyumba vitatu.

Nimejaribu kulalamika, na hapo ndipo nilipogundua ujanja wa mwisho. Risiti niliyopewa ni ya mkono, na imeandikwa maneno matatu tu: "vifaa vya umeme". Haitaji shaba, wala ukubwa wa waya, wala urefu wa roli. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, na kama haionyeshi aina ya waya, ukubwa na urefu wake, muuzaji aviandike kwenye ankara na kuisaini. Akisita, mrudishieni roli zake palepale getini.