Faiba ya nyumbani Kigoma: waya uko poa, rauta ndo shida
Wana Kigoma mnaoulizia faiba, yaani intaneti ya waya, mi nimefunga huku Mwanga na waya wenyewe hauna neno, nikichomeka kompyuta kwa waya kwenye rauta (kile kifaa cha kugawa intaneti ndani) napata megabiti 20 zote kwa sekunde hata usiku watu wakiwa wamejaa mtandaoni. Msishtuke lakini, hizo ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde maana baiti moja ni biti nane, faili la megabaiti 500 linakula dakika tatu na kitu.

Kinachoniuma ni rauta wanayokupa, inarusha Wi-Fi kwa masafa ya gigahezi 2.4 peke yake na majirani wote wako humo humo, basi simu inazungusha weee. Tafuteni yenye gigahezi 5 pia, muiweke pale mnapokaa maana hiyo ina kasi ila ukuta wa tofali unaimaliza. Kwa hela tunayolipa kila mwezi waache kubania kwenye vifaa jamani!