Makumbusho ya Uvamizi na Mapambano ya Uhuru, Vilnius: uzoefu wangu nikifuata nyayo za Vanagas

Nianze na jibu kwa wale wanaouliza kama panafaa kutembelewa. Panafaa, tena sana. Ila usiende kama mtu anayepita kupiga picha. Nenda ukiwa umeshalijua jina moja: Adolfas Ramanauskas, mmoja wa viongozi wa vita vya msituni vya Walithuania dhidi ya Wasovieti, ambaye wenzake walimwita Vanagas, yaani mwewe. Mimi ni Mkenya, nasoma mjini Kaunas, hapa Lithuania, na nimeshaingia mle ndani zaidi ya mara moja. Ziara iliyonikaa moyoni ni ile niliyokwenda nikiwa nimeshasoma habari za maisha yake. Mle kuna habari za maelfu ya watu, na bila kuwa na mmoja wa kumfuata, akili huchoka mapema.

Jengo liko kando ya barabara kuu ya Gedimino, likitazamana na uwanja wa Lukiškės ambapo sanamu ya Lenin iling'olewa mwaka 1991. Lilijengwa mwaka 1899 kuwa mahakama, enzi Lithuania ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Wasovieti walipoivamia nchi mwaka 1940, polisi wao wa siri wakalichukua. Mwaka 1941 wakaja Wajerumani, na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakahamia humo humo. Mwaka 1944 Wasovieti wakarudi, na polisi wao wa siri, KGB, hawakutoka hadi 1991. Kwenye mawe ya ukuta wa nje yamechongwa majina ya watu waliouawa humo, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa. Simama uyasome kabla ya kukata tiketi. Piga hesabu ya umri wa watano au sita hivi, utaelewa unaingia mahali gani.

Ukishaingia utavutwa kushuka chini kwenye seli, kwa sababu ndizo zinazosifika. Nakushauri uanzie juu, kwenye vyumba vya vita vya msituni. Hapo ndipo utakapomjua Vanagas akiwa mtu mzima na mwenye afya, kabla ya kukutana na yale aliyotendwa.

Alizaliwa Marekani, mji wa New Britain, Connecticut, tarehe 6 Machi 1918. Wazazi wake walirudi Lithuania akiwa bado mtoto mdogo. Alisomea ualimu, akapitia chuo cha kijeshi cha Kaunas, kisha akafundisha katika chuo cha ualimu cha Alytus. Majira ya kuchipua ya 1945, wakati vita kuu ya Ulaya ikikaribia kuisha, yeye ndiyo kwanza anaingia msituni. Hakuwa peke yake. Watu wapatao 50,000 walipitia katika vikosi vile kati ya 1944 na 1953, na zaidi ya 20,000 waliuawa. Walijificha kwenye mahandaki waliyoyachimba msituni au chini ya nyumba za wakulima, wakilishwa na wanavijiji ambao wakigundulika walipelekwa Siberia na watoto wao.

Maonyesho yanaeleza vizuri jinsi vita ile ilivyokuwa pia vita ya karatasi. Wapiganaji walikuwa na magazeti yao, wakiyachapa mafichoni. Vanagas alikuwa mhariri pamoja na kuwa kamanda, na mojawapo ya magazeti aliyoshughulikia lilitolewa kwa Kirusi ili lisomwe na askari wa Kisovieti wenyewe. Hilo lilinifanya nimheshimu zaidi. Mtu anawindwa usiku na mchana, na bado anakaa chini kumwandikia adui yake sababu za kupigana.

Tafuta pia habari za kikao cha Minaičiai. Februari 1949, wakuu wa vikosi kutoka pande mbalimbali za nchi walikutana katika kijiji hicho, kwenye handaki la shamba moja, wakaunda jeshi moja lenye uongozi mmoja. Tarehe 16 Februari, siku ya uhuru wa Lithuania, watu 8 walitia saini azimio la kuirudisha nchi ya kidemokrasia. Mwenyekiti alikuwa Jonas Žemaitis. Vanagas alikuwa makamu wake, na baadaye akawa mkuu wa majeshi yote ya msituni. Hakuna hata mmoja kati ya wale 8 aliyeishi kuuona uhuru. Žemaitis alikamatwa mwaka 1953, akapigwa risasi Moscow mwaka 1954. Mwaka 1999 bunge la Lithuania lililipa azimio lile nguvu ya kisheria. Nilipolisoma hilo nilirudi nyuma nikayasoma tena yale majina 8, moja moja.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikosi vilikuwa vimekwisha nguvu. Vanagas alijificha kwa vitambulisho bandia pamoja na mkewe, Birutė Mažeikaitė, waliyeoana wakiwa vitani. Binti yao Auksutė alizaliwa mwaka 1948 na alilelewa kwa kufichwa. Katika miaka hiyo ya kujificha ndipo Vanagas alipoandika kumbukumbu zake, zikahifadhiwa na watu waliohatarisha maisha yao, na leo zinasomwa. Tarehe 12 Oktoba 1956 alikamatwa hapa Kaunas, mji ninaoishi, baada ya kusalitiwa na mtu aliyemfahamu tangu siku za masomo. Akaletwa kwenye jengo hili.

Sasa shuka chini.

Kuna seli za kawaida, na kuna vijumba vya adhabu ambamo huwezi kunyoosha miguu. Kuna chumba cha maji: sakafu ilijazwa maji baridi, katikati kuna kijukwaa kidogo cha chuma, na mfungwa alisimama juu yake hadi usingizi umwangushe majini. Kuna kingine ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro ili makelele yasisikike nje. Tembea polepole. Milango mizito imeachwa ilivyokuwa, na tundu la mlinzi la kuchungulia liko pale pale.

Kuhusu Vanagas hakuna haja ya kukisia. Siku ile ile aliyokamatwa alikimbizwa hospitali akiwa mahututi, na daktari aliandika alichokiona: jicho la kulia limevimba damu, na kwenye kope kuna majeraha 6 ya kuchomwa, huenda kwa waya mwembamba au msumari, yaliyoingia hadi ndani ya jicho. Karatasi hiyo ilitoka kwa watu wa serikali ile ile iliyomtesa. Baada ya hapo walimtibu, wakamhoji kwa mwaka mzima, wakamhukumu kifo Septemba 1957, wakamuua tarehe 29 Novemba 1957. Birutė alifungwa miaka 8 katika kambi za kazi ngumu. Auksutė alikuwa na miaka minane baba na mama walipochukuliwa.

Chumba cha kunyongea na kupigia risasi ndicho cha mwisho. Kilitumika tangu 1944 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zaidi ya watu 1,000 waliuawa humo. Chini ya sakafu ya kioo unaona vitu vilivyofukuliwa pamoja na mifupa. Usiwaingize watoto wadogo humo. Nasema hivi kwa sababu niliona familia ikiingia na kutoka haraka huku mtoto akilia.

Mkenya hawezi kuzisoma tarehe hizi bila kumkumbuka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Naye aliwahi kuwa mwalimu, naye aliongoza vita kutoka msituni, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, siku tisa tu baada ya Vanagas, na Waingereza wakamnyonga katika gereza la Kamiti Februari 1957. Wote wawili walizikwa bila alama. Kaburi la Vanagas lilipatikana mwaka 2018, kwenye makaburi ya Našlaičių pale Vilnius. Mabaki yake yakathibitishwa, na Oktoba mwaka huo huo akazikwa kwa heshima zote za kitaifa katika makaburi ya Antakalnis, binti yake akiwepo. Bunge likamtambua kuwa alikuwa kiongozi wa nchi katika miaka ile ya mwisho. Mama Mukami Kimathi alifariki Mei 2023 akiwa bado anaomba mifupa ya mumewe. Nilisimama mbele ya maelezo yale nikiwa na uchungu, na uchungu huo sijauacha kule. Serikali yetu inaweza kujifunza kutoka Vilnius kwamba kazi hii ya kutafuta inawezekana, hata baada ya miaka 60.

Mbona basi natoa nyota nne, si tano? Kwa sababu ya Wayahudi. Takriban Wayahudi 200,000 wa Lithuania, zaidi ya asilimia 90 yao, waliuawa chini ya Wanazi, na Walithuania wengi walishiriki katika mauaji hayo. Kwa miaka mingi mahali hapa paliitwa Makumbusho ya Wahanga wa Mauaji ya Kimbari, na bado habari za Wayahudi hazikuwemo. Chumba kimoja kuhusu mauaji yao kiliongezwa mwaka 2011, na jina likabadilishwa mwaka 2018. Chumba kimoja hakitoshi. Vanagas mwenyewe ameguswa na mjadala huu. Taasisi ya Simon Wiesenthal, inayofuatilia wahalifu wa Kinazi, imehoji alichofanya mjini Druskininkai katika majira ya joto ya 1941 alipoongoza kikundi cha wenyeji wenye silaha. Watafiti wa serikali ya Lithuania wanasema hakuna ushahidi kwamba alishiriki kuwaua Wayahudi. Mimi namheshimu kwa yale aliyoyafanya kuanzia 1945, lakini mgeni anastahili kuambiwa swali hili lipo, na aambiwe mle mle ndani. Ukitoka, pita pia kwenye Makumbusho ya Kiyahudi ya Vilnius.

Mambo ya vitendo. Tiketi si ghali na wanafunzi hupunguziwa. Hawafungui kila siku ya wiki, kwa hiyo angalia kwanza. Maelezo yapo kwa Kilithuania na Kiingereza, na kifaa cha sauti cha kuongozea wageni kinasaidia kwa sababu ya kusoma ni mengi. Tenga nusu siku, na usipange karamu jioni yake. Kutoka Kaunas panda treni ya asubuhi, inachukua zaidi kidogo ya saa moja. Ukibakiwa na muda, nenda Antakalnis. Kaburi la Vanagas liko katika sehemu ya viongozi wa nchi, na katika makaburi hayo hayo wamezikwa waliouawa na wanajeshi wa Kisovieti tarehe 13 Januari 1991, wakiulinda mnara wa televisheni bila silaha.